Meno Mawili

Daftari la baba linanuka dizeli.
Kila ukurasa: tarehe, kilomita, lita,
na pembeni, kwa penseli iliyochongwa kwa kisu,
neno moja la hali ya hewa: upepo. Upepo. Upepo.
Miaka thelathini na mmoja, Trelew hadi Esquel,
saruji kwenda, sufu kurudi,
na kila kilomita mia lori likanywa lita arobaini na mbili
bila kusema asante.

Mimi Delfina Pugh, binti wa Emrys,
nilirithi usukani naye yu hai,
mwaka ule mkono wake wa kulia ulipokataa amri.
Nikalipeleka lori kwa Oyarzún, fundi wa Rawson.
Akalala chini yake nusu siku, akafungua difu,
akanipangia vyuma juu ya gazeti kuukuu:
"Krauni meno arobaini na moja, pinioni kumi.
Pinioni izunguke mara nne na ushei
ndipo gurudumu lizunguke mara moja.
Hizi ni gia za kupandia mlima, Delfina.
Kwenye tambarare unakimbia kwa hatua za mtoto."
Akafunga nyingine: arobaini na moja kwa kumi na mawili.
Meno mawili tu.
Nililipa bei ya kondoo arobaini.

Safari ya kwanza ya kurudi, sufu nyuma, upepo mgongoni,
themanini kwa saa, gia ya mwisho,
mshale uliozoea kusimama elfu moja mia saba
ukashuka hadi mia nne na kidogo, ukatulia
kama mbwa aliyeambiwa lala.
Nikasikia vitu nisivyowahi kuvisikia humu:
kifuniko cha birika,
kokoto chini ya mabawa ya matairi,
baba akimeza mate.
"Imelala?" akauliza.
"Inapumzika."
"Injini haipumziki barabarani.
Inafanya kazi, au inakudanganya."

Lita thelathini na sita!
Niliandika mwenyewe katika daftari lake, kwa wino.
Bandu bandu huisha gogo, nikamwambia,
na deni pia ni gogo.
Akatazama nje, kwenye vichaka.

Wiki iliyofuata, magharibi, saruji tani ishirini na nane.
Tulipopita Los Altares, penye majabali mekundu,
upepo uliteremka kutoka Andes
ukaweka kifua chake kwenye kioo cha mbele.
Mshale ukaanza kuzama:
mia tatu. Mia mbili. Mia moja.
Nikakanyaga. Nikakanyaga tena.
Injini ikatetemeka kama mtu anayebeba gunia
huku akikatazwa kupiga hatua fupi,
moshi mweusi, joto likipanda,
nami nang'ang'ania gia ya mwisho
kwa kiburi cha mtu aliyeilipia.

Mkono wa kushoto wa baba, ule uliobaki mtiifu,
ukafunika wangu juu ya kirungu cha gia.
Hakusema. Alisubiri tu mguu wangu ufike kwenye klachi,
akavuta, moja chini.
Mshale ukaruka, zile kelele za utotoni mwangu zikarudi,
lori likainua kichwa.
"Mwenye nguvu mpishe," akasema,
akafumba macho hadi Paso de Indios.

Lita arobaini na tano.
Jumlisha na zile, gawa kwa mbili:
faida yangu ni lita moja na nusu kwa kilomita mia.
Kondoo watarudi, lakini mmoja mmoja,
na wengine watachechemea.

Sikutaka kuiandika arobaini na tano.
Baba ndiye aliyeomba daftari,
akaandika kwa mkono usiojua kuandika,
herufi zikilala ubavu: upepo.
Kisha akafunua ukurasa wa nyuma,
akaipata thelathini na sita yangu, akaikodolea muda mrefu,
akalowesha ncha ya penseli ulimini,
na kando ya wino wangu akaandika:
upepo.